Je, Wajua? Siku Ambazo Sayansi Ilipikwa Jikoni

Sogea hapa barazani, kahawa bado ya moto. Leo tunazuru Ulaya ya kati ya mwaka 1500 na 1800: wafalme wenye wigi, tauni, darubini na nyumba zilizojaa moshi. Ukiyasimulia haya nyumbani watakuambia umetia chumvi. Waambie mambo yenyewe yalizaliwa yakiwa na chumvi yake.

HARUSI, KITANDA NA USINGIZI

Je, wajua kwamba mwanamke wa Kiingereza wa miaka ya 1600 aliolewa akiwa na wastani wa miaka 26 hivi, na mumewe 28? Juliet wa Shakespeare ana miaka 13, lakini huyo ni wa jukwaani. Binti wa mkulima alitumika kwanza katika nyumba za watu, akadunduliza ya sufuria na godoro, ndipo akasikiliza posa.

Na Shakespeare mwenyewe je? Alioa Novemba 1582, kijana wa miaka 18, na bibi harusi Anne Hathaway alikuwa na 26. Mtoto wao wa kwanza alibatizwa Mei 1583. Hesabu miezi kwa vidole vyako, mimi simo.

Subiri, bado. Katika wasia wake wa mwaka 1616 bwana huyo alimtajia mkewe kitu kimoja tu: kitanda. Tena si kile bora cha nyumba, bali cha pili yake! Wataalamu wanabishana mpaka leo kama lile lilikuwa penzi au kijembe.

Unadhani walijazana ukoo mzima chini ya paa moja? Mwanahistoria Peter Laslett alihesabu kaya za Uingereza ya zamani akapata wastani wa watu 4.75 tu. Baba, mama, watoto, pengine na mtumishi. Bibi alikuwa na moto wake wa kupikia.

Je, wajua kwamba wengi walilala mara mbili kwa usiku mmoja? Kulikuwa na usingizi wa kwanza, kisha wakaamka kwa muda wa saa moja hivi, wakasali, wakachochea moto, wakapiga soga kitandani, halafu wakaingia usingizi wa pili mpaka alfajiri. Basi wewe unayekodoa macho saa nane za usiku, pengine huumwi. Umechelewa kuzaliwa tu.

TUMBO LA UZAZI NA MAAJABU YAKE

Mwanamuziki Johann Sebastian Bach alikuwa na watoto wangapi? Taja namba. Ongeza. Ongeza tena. Walikuwa 20, kwa wake wawili, mmoja baada ya kifo cha mwenzake, na ni 10 tu waliofikia utu uzima.

Malkia Anne wa Uingereza alishika mimba 17. Aliyeishi muda mrefu kuliko wote, William, alifariki mwaka 1700 akiwa na miaka 11. Taji lake likaenda kwa jamaa wa Kijerumani ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha.

Na huyu je: Maria Theresa wa Austria alizaa watoto 16 huku akitawala milki nzima na kupigana vita! Uso wake pengine unaufahamu. Ndiyo ule uliochorwa kwenye reale za fedha zilizozunguka Zanzibar na pwani yetu yote. Reale hizo ziliendelea kupigwa chapa miaka na miaka baada ya kifo chake, na kila moja iliandikwa mwaka ule ule, 1780.

Je, wajua kwamba ukunga uliwahi kuwa siri ya ukoo? Familia ya Chamberlen, iliyokimbilia Uingereza kutoka Ufaransa mwaka 1569, iligundua koleo la kumvutia mtoto aliyekwama, ikalificha kwa zaidi ya miaka 100. Inasimuliwa kwamba waliingia chumbani na sanduku kubwa lenye nakshi za dhahabu, wakamfunga mama kitambaa machoni, wakawatoa nje mashangazi wote. Wakamaliza kazi, wakafunga sanduku, wakaenda zao.

Na makoleo yenyewe yaliishia wapi? Mwaka 1813 mbao za sakafu ziliinuliwa katika nyumba waliyokuwa wakiishi huko Essex, na makoleo yakakutwa chini yake, yamelala kimya. Na cheka kidogo: ndugu wawili walioanza biashara hiyo, kaka na mdogo wake, wote waliitwa Peter!

Mwaka 1726 Mary Toft, mwanamke wa Godalming, Uingereza, alidai amejifungua sungura. Madaktari wakaja. Daktari wa upasuaji wa mfalme akaja, akaamini! Mwishoni mama akakiri kwamba alikuwa akijiwekea vipande mwenyewe, na nusu ya madaktari wa London wakatafuta pa kuficha nyuso.

Paris, mwaka 1780: mkuu wa polisi alikadiria kwamba kati ya watoto 21,000 waliozaliwa kwa mwaka, wasiofika 1,000 ndio walionyonya kwa mama zao. Waliobaki walinyonyeshwa na wanawake wa kulipwa, wengi wao vijijini mbali na mji. Mama alirudi dukani, mtoto akapanda mkokoteni.

Hili lisikilize taratibu. London ilifungua nyumba ya watoto waliotelekezwa mwaka 1741, na akina mama wakafurika mlangoni kuliko nafasi zilizokuwapo. Ikaletwa bahati nasibu: mama aliingiza mkono katika mfuko wa mipira midogo. Mweupe, mtoto amepokelewa, akishapimwa afya. Mwekundu, kaa usubiri. Mweusi, rudi naye.

Na aliyepokelewa? Mama aliacha alama ya kumtambulia siku akirudi: kifungo, nusu ya sarafu, kipande cha kitambaa kilichokatwa kwenye nguo, nusu kwake na nusu kwenye faili. Maelfu ya vitambaa hivyo bado vipo London, rangi zake mbichi. Akina mama waliorudi na nusu ya pili walikuwa wachache mno.

Je, wajua kwamba kuna mfalme aliyeokolewa kwa kunyimwa daktari? Mwaka 1712 surua iliingia ikulu ya Ufaransa, madaktari wakamtoa damu kaka mtu, akafa. Mlezi wao, Madame de Ventadour, akajifungia chumbani na mdogo wa miaka 2 na kuwakatalia madaktari mlango. Mtoto akapona, akawa Louis XV, akatawala miaka 59, naye akamwita mlezi huyo mama maisha yake yote.

Babu yake mzaa babu, Louis XIV, naye alikalia kiti cha ufalme akiwa na miaka 4. Hakukiachia mpaka alipokufa mwaka 1715: miaka 72! Mwanawe, mjukuu wake na kitukuu wake mkubwa walimtangulia kaburini, wote watatu ndani ya mwaka mmoja.

PUA YA BANDIA NA FUNGUO ZA BIBI

Sasa shika kiti. Tycho Brahe, mnajimu mkubwa wa Denmark, alikatwa kipande cha pua kwa upanga mwaka 1566, akiwa na miaka 20, akipigana na jamaa yake mwenyewe. Inasemekana ugomvi ulianzia kwenye hisabati! Akavaa pua ya bandia maisha yake yote. Watu waliamini ni ya fedha au dhahabu, mpaka kaburi lilipofunguliwa mwaka 2010 na mabaki yakapimwa: shaba na zinki.

Huyo huyo alifuga mnyama jamii ya kulungu, mkubwa kama farasi, aliyemfuata kama mbwa. Inasimuliwa kwamba siku moja mnyama alialikwa karamuni, akanywa bia, akateleza kwenye ngazi, akafa. Mimi sina la kuongeza.

Tycho alikuwa bwana mkubwa, na mkewe Kirsten alikuwa mtu wa kawaida, kwa hiyo kanisa halikuweza kuwafungisha ndoa. Sheria ya kale ya Denmark ikawaokoa. Mwanamke akiishi waziwazi na mwanaume majira matatu ya baridi, akala naye meza moja na kushika funguo za nyumba, basi huyo ni mke. Funguo kiunoni ndizo zilizokuwa cheti!

Na usiku, nani alimsaidia kupima nyota? Dada yake, Sophie. Mwaka 1573 walitazama pamoja kupatwa kwa mwezi, msichana ambaye kaka mtu alidhani elimu ya nyota ingemshinda.

MAMA, MWANA NA MAPIPA YA DIVAI

Johannes Kepler, aliyegundua kwamba sayari huzunguka jua kwa njia ya duaradufu na si ya duara, alipenda hesabu kupita kiasi. Alikokotoa hata muda aliokaa tumboni mwa mamaye: siku 224, saa 9 na dakika 53. Jaribu kumuuliza mama yako swali hilo, uone.

Mke wake wa kwanza alipofariki, Kepler alipima wachumba 11. Aliandika sifa na kasoro za kila mmoja, akasitasita, akarudi nyuma, mwisho akamwoa wa 5. Ndoa ikawa ya furaha.

Kwenye harusi hiyo ya mwaka 1613 aliingiwa na hasira. Muuza divai alichomeka fimbo kwenye tundu la pipa, akasoma urefu, akataja bei, bila kujali pipa ni nene au jembamba! Bwana harusi akaondoka na swali, na mwaka 1615 akatoa kitabu kizima cha hesabu za mapipa, kimojawapo cha vilivyofungua njia ya hisabati ya leo.

Lakini habari yake kubwa ni hii, nipe sikio. Mwaka 1577 nyota yenye mkia ilitokea angani. Mama yake, Katharina, asiyejua kusoma, alimshika mkono mtoto wa miaka 5 gizani na kumpandisha mahali pa juu aione. Kepler hakuisahau maisha yake yote.

Miaka ikapita. Mwaka 1615 Katharina akaitwa mchawi, kwa maneno ya jirani waliyegombana naye. Mwaka 1620, bibi wa miaka 70 na ushee, akatiwa minyororo gerezani kwa miezi 14. Mwanawe, kwa wakati huo mwanahisabati wa mfalme mkuu, akaacha kazi, akasafiri, akaandika utetezi kwa mkono wake, hoja kwa hoja. Wakampeleka yule bibi mbele ya vyombo vya mateso akiri. Hakukiri. Mwaka 1621 akaachiliwa.

Wenzake wengi hawakupata mwana kama huyo. Wanahistoria wanakadiria watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, lakini si Iceland: huko karibu wote walikuwa wanaume!

BINTI WA MTAWANI NA MTOTO WA KOPO

Galileo Galilei aliona miezi 4 ya sayari ya Mshtarii mwezi Januari 1610. Lakini je, wajua kwamba mabinti zake wawili waliingizwa utawani wakiwa wadogo? Mkubwa, Maria Celeste, alimwandikia baba barua zisizokatika, na 124 zipo mpaka leo. Alimfulia kola, alimtengenezea peremende za matunda na dawa.

Kanisa lilipomhukumu Galileo mwaka 1633, sehemu ya adhabu ilikuwa kusoma zaburi saba za toba kila wiki. Nani alizisoma? Binti, kwa niaba ya baba, akifurahi kumpunguzia mzigo. Mwaka uliofuata akafariki, na miaka 33 tu.

Na kidole cha kati cha Galileo? Kilikatwa mwaka 1737 kaburi lake lilipohamishwa. Kipo kwenye makumbusho huko Florence, kimesimama ndani ya kioo, kinaelekeza juu.

Isaac Newton alizaliwa kabla ya wakati, yatima wa baba, mdogo hata ikasemwa angeenea kwenye kopo la lita moja. Watu hawakutarajia aone kesho. Aliishi miaka 84!

Alipokuwa na miaka 19 aliorodhesha dhambi zake zote. Imo ya kuiba sukari kwenye kisanduku cha mama. Imo pia ya kutishia kumchoma moto mama na baba wa kambo, pamoja na nyumba. Huyo ndiye aliyekuja kutupa kanuni ya uvutano.

Ah, na alizaliwa lini? Krismasi ya mwaka 1642, kwa kalenda ya Uingereza. Kwa kalenda ya Italia siku ile ile ilikuwa Januari 4, 1643. Kwa nini? Geuza ukurasa wa kalenda nami.

SIKU ZILIZOIBIWA

Je, wajua kwamba watu wa Italia, Hispania na Ureno walilala Oktoba 4, 1582 wakaamka Oktoba 15? Papa Gregori XIII alifuta siku 10 kwa mpigo ili kalenda ilingane na jua. Mtawa Teresa wa Avila alifariki usiku ule ule, na sikukuu yake ni Oktoba 15.

Waingereza walikataa jambo la Papa kwa miaka 170. Mwaka 1752 wakasalimu amri: Septemba 2 ikafuatwa na Septemba 14, siku 11 zikayeyuka. Mwaka wao wa kodi unaanza Aprili 6 mpaka leo, na mzizi wake ni mabadiliko hayo.

WADUDU, VIWAVI NA VIPIMO

Antonie van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, asiyejua lugha yoyote ila Kiholanzi. Alisugua vioo vidogo kama punje, akakwangua utando kwenye meno yake, akatazama. Bakteria! Akaandika kwamba wakazi wa kinywa cha mtu mmoja ni wengi kuliko watu wa nchi yake nzima.

Mji ule ule, mwaka ule ule aliozaliwa yeye, 1632, alizaliwa pia mchoraji Johannes Vermeer. Alipokufa aliacha watoto 11 na deni la mikate! Mjane wake alimpa muoka mikate picha mbili kwa deni la gilda 617. Leo picha moja ya Vermeer ingenunua mtaa mzima wa viwanda vya mikate. Na nani aliteuliwa kusimamia mali ya marehemu? Leeuwenhoek, yule wa wadudu.

Umewahi kula chakula ukiwa kwenye mizani? Daktari Santorio Santorio wa Italia alifanya hivyo kwa miaka 30. Alikula, akalala na kufanya kazi kwenye mizani, akapima kilichoingia na kilichotoka. Kwa kila ratili 8 zilizoingia, 3 tu zilitoka kwa njia unayoijua. Nyingine, alisema mwaka 1614, hutoka kwa jasho tusiloliona.

Mjerumani Maria Sibylla Merian alianza kufuga viwavi akiwa na miaka 13, wakati wengi waliamini wadudu huzaliwa na matope. Mwaka 1699, bibi wa miaka 52, alipanda merikebu na bintiye mdogo mpaka Suriname, Amerika ya Kusini, kuchora vipepeo. Hapakuwa na mume, wala mfalme aliyemtuma. Wewe ukifika 52 una mpango gani?

Lady Mary Wortley Montagu alikuwa mke wa balozi wa Uingereza huko Istanbul. Alikuta mabibi wa Kituruki wakizunguka na usaha wa ndui kwenye ganda la kokwa, wakiwachanja watoto kwa sindano, na watoto hawaugui tena. Mwaka 1718 akamchanja mwanawe, na mwaka 1721 bintiye, mbele ya madaktari wa London. Ilikuwa miaka 75 kabla ya Edward Jenner na chanjo yake!

Laura Bassi alipata shahada na uprofesa katika Chuo Kikuu cha Bologna mwaka 1732, akiwa na miaka 20. Akazaa watoto 8, akafungua maabara nyumbani kwake, wanafunzi wakaja sebuleni. Profesa, mama, mwenye nyumba.

Émilie du Châtelet wa Ufaransa alipata mimba akiwa na miaka 42, akahisi hatapona. Akafanya kazi usiku na mchana kumaliza tafsiri ya kitabu kikuu cha Newton. Alijifungua Septemba 1749, na siku chache baadaye akafariki. Tafsiri yake ndiyo Wafaransa wanayoitumia mpaka leo.

MEZANI NA MITAANI

Mwaka 1608 Mwingereza Thomas Coryat alisafiri Italia, akarudi na desturi ya ajabu: kula kwa uma. Rafiki zake wakamcheka na kumpa jina la utani. Vidole kumi vya Mungu vina kasoro gani?

Sisi tunaviita viazi ulaya, sivyo? Vilitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na Wazungu wengi walivishuku kwamba vinaleta ukoma! Ilibidi madaktari wa Paris watangaze mwaka 1772 kwamba vinalika bila madhara.

Na bata mzinga? Waingereza walimpa jina la Uturuki, Wafaransa jina la India, Wareno jina la Peru. Kwao ni Mexico. Wote walikosea!

Malkia Elizabeth I alipenda vitamu kupindukia. Mgeni wa Kijerumani aliyemwona mwaka 1598 aliandika kwamba meno yake yalikuwa meusi.

Je, wajua kwamba kikombe hicho ulichoshika kiliwahi kumtisha mfalme? Desemba 1675 Charles II wa Uingereza alitangaza kufunga migahawa ya kahawa, kwa sababu watu wanakaa humo kuteta serikali. London ikachachamaa. Amri ilifutwa kabla haijaanza kutumika! Barazani tuendelee.

Charles huyo huyo aliwagusa kwa mikono yake wagonjwa zaidi ya 90,000, kwa imani kwamba mguso wa mfalme unaponya uvimbe wa shingo. Matajiri wengine walikula dawa ya unga wa maiti zilizokaushwa za Misri. Ndiyo, maiti. Kunywa kahawa yako.

Moto mkubwa wa London, Septemba 1666, ulianzia kwa muoka mikate, ukateketeza nyumba 13,200 na makanisa 87 kwa siku 4. Mwandishi wa shajara Samuel Pepys aliokoa nini? Alichimba shimo bustanini akafukia divai na jibini lake la Kiitaliano. Kila mtu na dhahabu yake.

Mwaka 1518, mjini Strasbourg, mwanamke mmoja alianza kucheza ngoma barabarani, asiache. Ndani ya wiki chache wachezaji walifika hata 400, wengine wakaanguka. Dawa ya wakuu wa mji? Wakakodi wapiga muziki, wacheze mpaka iwatoke!

Februari 1637, huko Alkmaar, Uholanzi, mayatima wa mwenye nyumba ya wageni waliuza matunguu ya maua ya tulipu aliyoyaacha baba yao. Mnada ukafika gilda 90,000, mshahara wa fundi stadi kwa miaka kama 300. Siku hizo hizo soko likaporomoka.

Meli ya kivita Vasa, fahari ya Sweden, iling'oa nanga Agosti 10, 1628. Ilikwenda kama mita 1,300, upepo ukavuma, ikazama mbele ya umati uliokuja kushangilia. Ilipoopolewa mwaka 1961, vilikutwa vipimo vya mafundi: vingine vya futi ya inchi 12, vingine ya inchi 11!

Uingereza ilitoza kodi ya madirisha tangu 1696 hadi 1851, watu wakaziba madirisha kwa matofali. Urusi, Tsar Peter akatoza kodi ya ndevu. Ukilipa unapewa kisarafu cha ushahidi, utembee nacho kama leseni.

Kuna mtaa wa Augsburg, Ujerumani, unaoitwa Fuggerei, uliojengwa na tajiri Jakob Fugger kuanzia mwaka 1516 kwa ajili ya maskini. Kodi ilikuwa gilda moja kwa mwaka. Leo ni senti 88 za yuro, kwa mwaka, si kwa mwezi! Sharti lingine: sala tatu kila siku. Usinitumie kuulizia chumba, nami nipo kwenye foleni.

Na Ulaya ile ilituachia nini mdomoni? Wareno walituachia meza, leso, bendera, karata. Na neno gereza unajua limetoka wapi? Kwa Wareno, *igreja* ni kanisa!

NYOTA INARUDI

La mwisho, kisha nikuache ukalale usingizi wako wa kwanza. Caroline Herschel wa Hanover aliugua homa kali utotoni, akabaki na kimo cha sentimita 130 hivi. Mama yake akamtaka awe mtumishi wa nyumbani tu. Kaka yake William akamchukua Uingereza.

Walitengeneza darubini nyumbani, mjini Bath. Caroline alitwanga na kuchekecha samadi ya farasi ya kufinyangia kalibu ya kioo cha chuma. Siku moja ya mwaka 1781 chuma kilichoyeyuka kilivuja sakafuni, mawe yakapasuka na kuruka, wote wakatimua mbio! Kaka alisugua vioo mpaka saa 16 bila kupumzika, na dada akamlisha kwa mkono, tonge baada ya tonge.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, sivyo? Huyu alifunzwa na mbingu. Aligundua nyota zenye mkia 8, na mwaka 1787 mfalme akaanza kumlipa pauni 50 kwa mwaka.

Kabla yao, Edmond Halley alikuwa ametabiri kwamba nyota moja yenye mkia, iliyoonekana mwaka 1682, ingerudi mwishoni mwa 1758. Alikufa bila kuiona. Usiku wa Krismasi ya mwaka huo huo, mkulima mmoja karibu na Dresden, Johann Georg Palitzsch, alielekeza darubini yake juu. Ile pale!

Imekuja tena na tena, mara ya mwisho mwaka 1986. Itarudi 2061. Ukibahatika kuwapo, mtafute mtoto wa miaka 5, mshike mkono gizani, umpandishe mahali pa juu.